Mwanamfalme Aliyeacha Kusimulia

Kila nikisema mbele ya watu wa rika langu kwamba Prince of Persia: Warrior Within ilikiharibu kile ilichorithi, hakosi mtu wa kunijibu, na jibu ni lilelile: "Ile ya kwanza ya kitoto, bwana. Ya pili ndiyo gemu ya wanaume." Nimelisikia kutoka kwa watu waliosoma, wenye kazi zao, wengine wana watoto wa kuwapeleka shule. Mwezi uliopita limeibuka tena kwenye kundi letu la WhatsApp la tuliomaliza sekondari pamoja. Niliandika jibu refu, nikalifuta. Nikaandika jingine, nikalifuta nalo. Hili ni la tatu, na sitalifuta.

Nianze na kukiri kosa, kwa sababu maneno hayo ya "gemu ya wanaume" yaliwahi kutoka kinywani mwangu mwenyewe, na niliyemwambia hakuwa mtu wa kuambiwa hivyo. Nitafika huko.

Kwa ambao hamkuzicheza, historia kwa ufupi. Mwaka 1989 kijana wa Kimarekani, Jordan Mechner, alitoa gemu iitwayo Prince of Persia kwa kompyuta ya Apple II. Alikuwa amemrekodi mdogo wake kwenye video akikimbia, akiruka na kuning'inia, kisha akaichora miendo ile picha kwa picha. Ndiyo maana yule mtu mdogo mwenye nguo nyeupe alitembea kama binadamu wakati wahusika wa gemu nyingine walitembea kama midoli. Mwaka 2003 kampuni ya Ubisoft, kwenye studio yake ya Montreal nchini Kanada, ikaifufua kwa jina la The Sands of Time, na Mechner mwenyewe ndiye aliyeandika hadithi. Mwaka uliofuata ikaja Warrior Within. Mechner hakuwemo.

Mimi nilikutana na ya kwanza mwaka 2007, Temeke, sebuleni kwa mjomba. Kompyuta ilikuwa imefunikwa kitambaa cha kufuma kama vile ni kabati la vyombo, na CD ilikuwa ya kuchoma, jina limeandikwa juu yake kwa makapeni. Nilikuwa kidato cha kwanza na Kiingereza changu kilitosha kuwaamkia walimu tu. Dada yangu alikuwa kidato cha tatu, yeye alielewa. Kwa hiyo tuligawana kazi: mimi nashika kibodi na kipanya, yeye anakaa kwenye kigoda pembeni, anasikiliza na kunitafsiria.

Na palikuwa na mengi ya kutafsiri, kwa sababu gemu ile inaanza na mtu anayesimulia. Ni usiku, Mwanamfalme yuko rohani, mapazia yanapepea, na anaomba asikilizwe. Kuanzia hapo kila unachokifanya kwa vidole vyako ni jambo ambalo yeye analieleza kama lililokwisha kupita. Unakimbia juu ya ukuta, unadaka mlingoti, unajirusha hadi kwenye ukingo wa dirisha, na yote hayo yamo ndani ya maneno ya mtu anayekumbuka. Ukikosea ukaangukia kwenye miiba ya chuma ukafa, unaisikia sauti yake ikijisahihisha: la, haikuwa hivyo, ngoja nirudie.

Dada alikuwa anaitafsiri sehemu hiyo kwa sauti ya bibi yetu. Bibi alikuwa na tabia hiyohiyo. Alikuwa akifika katikati ya hadithi ya Sungura na Fisi, Sungura keshaingia kisimani, ghafla anasimama: "Ngojeni, nimeruka mahali." Anarudi nyuma, anamtoa Sungura kisimani, anaingiza kitu alichokisahau, kisha anamrudisha. Sisi tulikubali bila kuuliza. Sungura hakuwa amekufa mara mbili. Bibi alikuwa anatafuta namna sahihi ya kusema. Kwa hiyo siku ya kwanza niliyoanguka kwenye kasri la Azad, nikasikia dada anasema kwa sauti ya bibi, "Hapana, hapana, hapo sikuanguka," nilicheka mpaka mjomba akatoka chumbani kuuliza kuna nini.

Nilichelewa miaka mingi kuelewa kwamba kicheko kile kilikuwa kimegusa kiini cha gemu. Mwanamfalme ana jambia lenye mchanga wa kichawi ndani ya mpini. Ukibonyeza kitufe, muda unarudi nyuma sekunde chache: mwili unanyanyuka kutoka shimoni, mguu unarudi ukingoni, unapewa nafasi ya kuruka upya. Mchanga wenyewe ni wa kuhesabu, ukiisha umeisha mpaka uupate kwa maadui. Magazeti ya gemu ya wakati ule yalilisifu jambia kama ubunifu wa kiufundi, na ni kweli. Lakini jambia lile ni ulimi wa msimulizi. Kurudisha muda nyuma ni kile anachokifanya bibi akisema "nimeruka mahali". Ni nadra sana kwa gemu kitufe na hadithi kusema neno moja, na hapa vinasema.

Waliosoma Alfu Lela Ulela wataitambua kamba iliyofungiwa ng'ombe huyu. Shahrazad anasimulia ili asubuhi isimkute amekufa. Mwanamfalme naye anakaa kati ya hadithi na kifo, ila kwake mambo yamegeuzwa: mwanamume ndiye msimulizi, na mwanamke ndiye mwenye mamlaka ya kuamini au kukataa. Msikilizaji wake ni nani hasa? Unadhani ni wewe uliyekaa sebuleni Temeke. Mwishoni unagundua siye wewe.

Gemu ina zaidi ya miaka 20 sasa, kwa hiyo sitaomba radhi kwa kufichua mwisho. Lakini lazima kwanza niseme kosa, kwa sababu hapo ndipo ugomvi wangu na "gemu ya wanaume" ulipo.

Mwanamfalme na baba yake, Mfalme Sharaman, wanapita India na jeshi. Waziri mmoja mwenye hila anamsaliti bwana wake, Maharaja, na kuwafungulia njia. Mwanamfalme anataka sifa ya kuwa wa kwanza kumletea baba ngawira, anapenya kasri kupitia vifusi huku watu wanauawa kila upande, anaiba jambia. Binti wa Maharaja, Farah, anachukuliwa mateka. Wanafika Azad kwa mwenyeji wao, wamebeba saa kubwa ya mchanga waliyoipora, na Waziri anamshawishi kijana alichomeke jambia lile kwenye saa. Anafanya hivyo. Mchanga unafumuka, na kila mtu kasrini anageuka zimwi la mchanga: askari, watumishi, na baba yake. Mojawapo ya mapambano ya mwanzo kabisa ni wewe kumkata upanga baba yako.

(Gemu ilitoka Novemba 2003, miezi minane baada ya majeshi ya Marekani kuingia Iraki. Sidai kwamba waandishi walikusudia chochote. Nasema tu kwamba hadithi ya jeshi linaloingia kwenye nyumba ya mtu kwa ushauri wa mjanja, likafungua kitu lisichoweza kukifunga, haikuwa ya kitoto mwaka ule, na si ya kitoto leo.)

Tazama na mitego. Kasri la Azad limejaa misumeno, miiba, nguzo zenye visu zinazozunguka, na kazi yako kubwa ni kuvipita. Gemu nyingine zinakupa mitego bila kueleza nani aliiweka na kwa nini, unaipokea kama mvua. Hapa, mapema kabisa, askari aliyebaki anamwomba Mwanamfalme awashe mfumo wa ulinzi wa kasri ili uyaangamize mazimwi. Unahangaika na lile fumbo la magurudumu na mikono ya kuzungushwa, unafanikiwa, unajipongeza. Tangu hapo, kila msumeno unaotaka kukukata mguu ni ule uliouwasha mwenyewe. Sikumbuki gemu nyingine ya enzi ile iliyomwambia mchezaji, bila hotuba, kwamba anahangaika ndani ya matokeo ya mkono wake.

Farah anatembea nawe. Anapiga mishale, anapenya kwenye nyufa ambazo wewe hupiti, mnagombana, mnataniana, wakati mwingine mshale wake unakupata wewe na unalalamika. Gemu haimfanyii haki yote. Humwongozi hata mara moja, ni kompyuta inayomtembeza, na mavazi yake yalichorwa na mtu aliyekuwa anawaza wanunuzi wa kiume. Sifichi. Lakini ana akili, hamwamini Mwanamfalme kirahisi, na ana sababu: huyu ndiye aliyeivamia nyumba ya baba yake. Karibu na mwisho, gizani, anamwambia siri. Alipokuwa mtoto akiogopa giza, mama yake alimfundisha neno la kufungua mlango wa uchawi: Kakolukia. Hakuna mtu mwingine anayelijua.

Kisha anaondoka na jambia wakati kijana amelala. Na hapa gemu inafanya jambo la kishujaa: inakunyang'anya kile kitufe. Unaupanda mnara mrefu bila Farah na bila jambia. Baada ya saa nane au tisa za kuzoea kurudisha nyuma kila kosa, sasa ukianguka umeanguka. Vidole vyangu vilikuwa vinakitafuta kitufe vyenyewe. Juu ya mnara Farah anateleza, wanakuwa wameshikana kupitia jambia, na yeye analiachia ili asimvute kijana pamoja naye shimoni.

Mwanamfalme analirudisha jambia kwenye saa ya mchanga. Muda wote unajikunja nyuma, hadi usiku wa kabla ya uvamizi. Baba yu hai. Farah yu hai na hamjui. Ndipo Mwanamfalme anapanda hadi chumbani kwake kwa siri kumweleza yote: ile rohani ya mwanzo ni ya kwake, na yule aliyekuwa anasimuliwa muda wote ni yeye. Anamrudishia jambia kwa mkono wake. Farah haamini, anamuuliza kwa nini amebuni hadithi ya ajabu namna hiyo, na Mwanamfalme, ambaye ameibeba peke yake, anakubali kwamba ni hadithi tu. Akiulizwa jina, anajibu: Kakolukia. Anaondoka.

Dada alitafsiri neno kwa neno mpaka alipofika hapo, akanyamaza. Neno lile halikuwa na tafsiri. Tulikaa pale tukiangalia majina ya watengenezaji yakipanda.

Sasa tuje kwenye gemu ya wanaume.

Sitaki kushinda kwa kudanganya, kwa hiyo niseme ukweli wake. Lalamiko kubwa juu ya The Sands of Time lilikuwa mapigano, na lalamiko lilikuwa la haki. Maadui wanakuja kwa mafungu, unafanya mambo yaleyale matatu, na yale mapigano ya kwenye lifti yamewatoa watu jasho la hasira hadi leo. Warrior Within ilitibu hilo. Unashika silaha mbili, unamnyang'anya adui upanga wake, unamtumia kama ngao, unazunguka nguzo ukikata. Ngome ya Kisiwa cha Wakati inapitiwa katika nyakati mbili, ya kale iliyo nzima na ya sasa iliyobomoka, na kuna mafumbo mazuri yanayotokana na tofauti hiyo. Dahaka, lile joka la giza linalomwinda Mwanamfalme, linatisha kwelikweli. Likianza kukufukuza korido zinapoteza rangi, nawe hufikirii tena, unakimbia tu. Na kuna mahali unagundua kwamba kiumbe cha ajabu ulichokuwa unakiona kwa mbali tangu mwanzo ni wewe mwenyewe uliyerudi kutoka wakati mwingine. Yeyote aliyebuni hilo alikuwa na kipaji.

Lakini msimulizi ameondoka. Sauti ya Yuri Lowenthal, ile ya kijana mwenye majivuno anayejicheka, imebadilishwa na sauti nzito ya mtu anayenguruma. Muziki umekabidhiwa magitaa na nyimbo za Godsmack, bendi ya Marekani. (Ya kwanza nayo ilikuwa na magitaa, ila yalikuwa wageni wenye adabu.) Mapazia, ndege na mabafu ya Azad yametoweka, kila kitu ni jiwe la kijivu na damu. Ya kwanza iliwekwa daraja la vijana nchini Marekani, ya pili ikawekwa la watu wazima, na nadhani hapo ndipo wenzangu walipochanganya mambo: waliona alama kwenye kasha wakadhani ni cheti cha ukomavu.

Dahaka lenyewe ni mfano mzuri. Jina limetoka mbali, kwa Azhi Dahaka, joka la masimulizi ya kale ya Wairani, ambaye kwa Ferdowsi, ndani ya Shahnameh, ndiye mfalme Zahhak mwenye nyoka wawili mabegani wanaolishwa ubongo wa vijana. Hebu fikiria hadithi ile ingeweza kuzaa nini: ufalme unaowala vijana wake. Gemu ikachukua jina, ikaliacha hilo lote, ikatengeneza kitu chenye pembe cha kukimbizana nacho. Ilibidi ifike 2024 na The Lost Crown, miaka 35 tangu gemu ya kwanza ya Mechner, ndipo mwanamfalme wa Uajemi aweze kusikika kwa Kiajemi.

Mechner mwenyewe, alipozungumza na jarida la Wired, hakuuma maneno: hakupendezwa na mwelekeo wa kisanaa wala na ukatili ulioipa daraja lile. Wenzangu huniambia huo ni wivu wa mwandishi aliyeachwa nje. Sawa, tumweke pembeni, tuitazame hadithi yenyewe.

Miaka saba imepita. Mwanamfalme alipaswa kufa kwa kuufungulia Mchanga, kwa hiyo Dahaka linamwinda ili kunyoosha mstari wa wakati. Anaamua kwenda Kisiwa cha Wakati, arudi enzi za kale amzuie Malkia wa Wakati asiuumbe Mchanga kamwe. Ona kilichotokea kwa kosa lake. Kwenye gemu ya kwanza yeye ndiye aliyefungua. Kwenye ya pili yeye ndiye anayeonewa. Hatia imegeuzwa kuwa ajali iliyomkuta, na mwenye lawama sasa ni mwanamke aliyeuumba.

Mwanamke huyo ni Kaileena. Mwanamfalme anakutana naye bila kumjua, anapewa msaada naye, kisha anagundua kwamba ndiye Malkia mwenyewe. Anamuua. Na hapo gemu inaangukia kwenye wazo la dhahabu: mabaki ya Malkia ndiyo yanayogeuka kuwa Mchanga wa Wakati. Kwa kumuua ili Mchanga usiwepo, ameufanya uwepo. Yeye ndiye mwanzo wa balaa lote, la Azad, la baba yake, la kila kitu.

Mbele ya ugunduzi kama huo mwandishi ana milango mingi, na yote inaelekea kwenye kitu kizito. Waandishi wa Warrior Within wanampa Mwanamfalme dakika chache za kukata tamaa, kisha wanamletea mpango. Mpango wenyewe ni huu: atatumia kinyago kurudi nyuma, atamvuta Kaileena hadi wakati wa sasa, na atamuulia huku, ili Mchanga uzaliwe baada ya yale ya Azad. Mtu amegundua kwamba kuua kwake ndiko kulikoleta maafa, na suluhisho lake ni kumuua mtu yuleyule mara ya pili, kwenye tarehe nyingine. Hakuna mahali gemu inapolishangaa jambo hili. Magitaa yanaendelea.

Mtaniambia upo mwisho mwingine ambao Kaileena anapona na wawili hao wanapigana na Dahaka. Upo. Masharti yake ni uwe umezikusanya nyongeza zote tisa za uhai zilizofichwa ngomeni, ndipo upewe Upanga wa Maji. Yaani huruma haitokani na lolote ambalo Mwanamfalme amelielewa. Inatokana na mchezaji kuwa mchunguzi wa pembe na vichochoro. Usipozikuta zote tisa, unamuua na hadithi inakwisha, tena hiyo ndiyo njia ya wengi. Na aliyejitahidi akamwokoa atamwona akiuawa na Waziri dakika za mwanzo za gemu ya tatu.

Kuna utetezi mmoja ninaouheshimu. Rafiki yangu ambaye maisha yake hayakuwa mepesi aliniambia: "Mtu aliyewindwa miaka saba hawezi kuwa yule kijana wa mzaha. Anakuwa na hasira. Hiyo ndiyo hali halisi." Nakubali kuhusu hasira. Ninachouliza ni hasira inaambiwa nani. Kijana wa gemu ya kwanza alikuwa na mtu mbele yake, mtu aliyemkosea, na alilazimika kupanga maneno hadi yamfikie. Huyu wa pili hana wa kumsikiliza, kwa hiyo hana haja ya kusema kweli. Ananguruma kwa sababu chumba ni kitupu.

Chumba kile nakifahamu. Warrior Within ilikuwa pia kwenye kibanda cha gemu mtaani kwetu, kwenye PS2 mbili zilizokuwa hazipozwi mchana kutwa. Pale unalipia kwa saa, na nyuma yako wamesimama sita wanaosubiri zamu. Zaidi ulikuwa mpira, lakini mwenye kibanda alikuwa na CD ile na wakubwa waliipenda, maana hata ukikaa katikati ya hadithi usiyoijua, unakata kichwa cha mtu na watu wanashangilia. The Sands of Time haikuwepo pale na isingeweza kuwepo. Nani atalipia dakika za kumsikiliza mtu akijutia? Kwa hiyo nilipopata CD ya Warrior Within ya kupeleka kwa mjomba, mwaka 2008, nilikuwa tayari nimeshaipenda kwa kelele za watu wengine.

Dada akaja na kigoda chake. Meli, dhoruba, maadui wanapanda sitahani. Anatokea Shahdee, mwanamke mwenye panga mbili na vazi la chuma lisilofunika chochote, na kamera inamwonyesha kwa nyuma kabla hatujamjua hata jina. Mjomba alikuwa anapita kwenda msikitini, nikajifanya natafuta kitu sakafuni. Mwanamfalme akapaza sauti.

Nikauliza, "Anasema nini?"

Dada akajibu, "Anatukana."

Tukaendelea. Akapaza sauti tena.

"Na sasa?"

"Bado anatukana."

Baada ya nusu saa akasema hana cha kutafsiri hapa, na kwamba yule dada wa panga mbili lazima anasikia baridi. Mimi nikasikia aibu, sijui ya nini, na aibu ya mvulana wa miaka kumi na tano inajua mlango mmoja tu wa kutokea. Nikamwambia, "Kwanza hii siyo gemu ya wasichana. Ni ya wanaume." Hakubishana. Alikibeba kigoda akaenda nacho jikoni. Gemu niliimaliza peke yangu, kwa mwisho ule wa kumuua Kaileena, na nilijiona nimekua.

Wenye gemu waligundua mapema kuliko mimi. The Two Thrones ilipotoka 2005, sauti ya Lowenthal ilikuwa imerudi, Farah amerudi, na ule ukali wote wamepewa Mwanamfalme wa Giza, sauti inayomnong'oneza kichwani na ambayo mwishoni lazima aipe mgongo. Msimulizi naye amerudi, na ni nani? Kaileena, aliyekwisha kufa. Mwishoni Farah anamuuliza Mwanamfalme amelijuaje lile neno la siri, naye anaanza kumsimulia upya tangu mwanzo, kwa maneno yaleyale ya rohani. Sijui studio yaweza kuomba radhi kwa uwazi gani zaidi ya huo. Wanaoniambia ya pili ndiyo kilele wanabishana na waliyoitengeneza ya tatu.

Nilipokuwa naandika haya nilimpigia dada simu. Yuko Dodoma siku hizi, anafundisha. Nilimuuliza kama anaikumbuka Kakolukia. Akasema hapana. Nikamweleza giza, mama wa Farah, mlango. Hakumbuki. Nikamkumbusha siku ya panga mbili, nikamwambia nilichotaka kumwambia kwa miaka hii yote, kwamba yale maneno ya wanaume na wasichana yalikuwa ya kijinga. Hilo nalo hakulikumbuka.

"Mimi nakumbuka koo lilivyokuwa linakauka," akasema. "Halafu nakumbuka kitu kimoja. Ile gemu yote, ile uliyokuwa unaipenda ya hadithi, hata siku moja hukunipa nicheze."

Nikataka kubisha. Nilirudi nyuma kichwani, jioni moja baada ya nyingine, sebule, kitambaa cha kufuma, kigoda, nikitafuta hata mara moja.